Uliza Kilichobaki Kibofuni

Ikiwa unaishi Nyabiyonza, Karagwe, au kwenye vilima vya jirani, umevuka miaka 50, na siku hizi kila usiku unafungua mlango wa nje mara tatu kwenda kukojoa, mwongozo huu umeandikiwa wewe. Na wewe kijana ambaye baba yako amefikia umri huo, usome pia. Mzee wa Karagwe au Kyerwa atakueleza habari za goti na macho bila kuulizwa. Habari ya mkojo ataificha hata kwa mkewe, na mkewe anaijua tangu zamani kwa sababu ndiye anayefua mashuka. Wengi hupitia kwanza duka la dawa. Wanameza antibiotiki ya sipro dozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa jina la U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kabla hajatokea mtu wa kuwauliza wanaamka mara ngapi usiku.

Tezi dume kila mwanamume anayo. Imekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Mtu akivuka miaka 40 tezi huanza kukua taratibu. Wakifika 60, karibu nusu ya wanaume tezi zao zimeshakua, na wakivuka 80 walionusurika ni wachache. Ukuaji huu si saratani na haugeuki kuwa saratani. Tena tezi inaweza kuwa kubwa na mwenyewe asijue mpaka anazikwa, kwa sababu haikuubana mrija. Jirani yake mwenye tezi ndogo, lakini yenye kinundu kilichochomoza kwenye shingo ya kibofu, anaweza kuziba kabisa. Kwa hiyo ukipimwa, usiishie kuuliza tezi ina ukubwa gani. Uliza mkojo kiasi gani unabaki kibofuni ukishamaliza kukojoa. Swali hili nitalirudia, maana ndilo linalosahaulika.

Tezi ikibana, dalili za kwanza ni za mkojo kutoka kwa shida. Unasimama na kusubiri. Unajikamua. Mkondo ni mwembamba, unaanguka karibu na miguu, unakatika, unaanza tena. Ukidhani umemaliza na kufunga suruali, matone yanafuata. Dalili za pili hazifanani na kuziba hata kidogo, ndiyo maana huwapoteza watu: haja ya ghafla isiyongoja, kukojoa kila baada ya saa moja, kuamka usiku. Hizi zinatoka kwenye kibofu chenyewe. Misuli yake imesukuma dhidi ya njia iliyobanwa kwa miaka, ukuta umenenepa, na sasa ukiingia mkojo kidogo tu kibofu kinadai utolewe.

Kisha kibofu huchoka. Hapa ndipo penye hatari, na hapa hapaumi. Mkojo unaanza kubaki, leo mililita 100, mwakani 300, mpaka lita moja na kupita. Mkojo uliotuama huzaa wadudu na mawe, na msukumo wake ukirudi juu huharibu figo zote mbili. Mzee mwenye hali hii mara nyingi hana maumivu yoyote. Ana kitambi cha chini ya kitovu kisicholingana na mwili wake uliokonda, na ameanza kulowesha godoro usiku. Watu wa nyumbani husema ni uzee, na wengine hutafuta mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba kibofu kimejaa mpaka kinamwagika chenyewe. Mwanamume mtu mzima aliyeanza kukojoa kitandani apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo, hata kama anacheka na kula vizuri.

Kabla ya kwenda kokote, fanya kipimo cha nyumbani. Kinataka jagi la plastiki lenye alama za mililita, daftari, na siku tatu, mchana na usiku. Usipopata jagi, chukua chupa ya maji ya lita moja iliyokatwa juu na uchore mistari ya robo. Kila ukikojoa, andika saa na kiasi. Andika pia ulichokunywa na ulipopanda kitandani. Kwa usiku, tumia ndoo yenye mfuniko ndani ya chumba. Kwenye mvua za vuli na masika, njia ya kwenda choo cha shimo nyuma ya migomba ina utelezi, na kuvunjika nyonga ukiwa na miaka 70 ni balaa kubwa kuliko tezi.

Daftari hilo litasema mambo ambayo mashine haisemi. Ukijumlisha mkojo wa saa 24 ukapita lita tatu, shida inaweza kuwa sukari, au unakunywa kupita kiasi, na tezi inasingiziwa. Ikiwa zaidi ya theluthi moja ya mkojo wote inatoka usiku, mara nyingi chanzo ni moyo, miguu iliyovimba mchana ambayo maji yake hurudi mwilini ukilala, au kidonge cha presha cha kukojosha kilichomezwa jioni. Ikiwa kila safari unatoa mililita 80 au 100 tu, basi kibofu ama kimekuwa kikali, ama hakimalizi kutoa. Hesabu pia muda. Mkojo wa mililita 300 uliochukua sekunde 60 ni wastani wa mililita 5 kwa sekunde, na huo ni mkondo dhaifu. Kwenye mashine ya hospitali kubwa inayopima kasi ya mkojo, mwanamume asiye na kizuizi hufika 15 na zaidi pale mkondo unapokuwa na nguvu kabisa, na chini ya 10 hutiliwa shaka. Kipimo hicho kinahitaji utoe angalau mililita 150, la sivyo namba yake haina maana.

Usikose kuandika rubisi na kahawa. Hata ile kahawa ya kutafuna anayokaribishwa nayo mgeni Kagera nzima inahesabika, maana kilichomo ni kile kile kinachowafanya watu wakeshe. Sikukatazi. Sogeza tu kinywaji cha mwisho kiwe saa mbili au tatu kabla ya kulala, uone usiku wako unabadilikaje. Jambo la kuogopa ni lile la sherehe: mzee amekunywa rubisi tangu mchana, anaona haya kuinuka kila mara mbele ya wakwe, anabana, na akienda kukojoa mkojo umegoma. Pombe imejaza kibofu haraka na kukilegeza kwa pamoja.

Madaktari wana maswali saba wanayotumia dunia nzima kupima uzito wa dalili, yaliyotungwa na chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani mwaka 1992. Jibu ukiwa nyumbani, kwa kufikiria mwezi uliopita. Je, ukimaliza kukojoa unahisi kuna uliobaki? Unarudi tena kabla ya saa mbili kupita? Mkojo unakatika na kuanza? Inakuwa vigumu kuahirisha haja? Mkondo ni dhaifu? Unalazimika kujikamua ili uanze? Kila jibu lipe alama, 0 kama hapana kabisa, 5 kama karibu kila mara. Swali la saba ni idadi ya kuamka usiku, na mara tano au zaidi ni alama 5. Jumla ikiwa 7 kushuka chini, dalili ni ndogo. Kuanzia 8 hadi 19 ni za kati, na 20 hadi 35 ni nzito. Linafuata swali la nane lisiloingia kwenye jumla: kama maisha yako yaliyobaki yangekuwa hivi hivi, ungejisikiaje? Kwangu mimi hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu mwenye alama 12 ambaye ni mlinzi wa usiku na halali kitandani hata hivyo anaweza asihitaji dawa. Mwenye alama 12 anayeendesha lori la kahawa kwenda Bukoba anaihitaji.

Sasa nenda. Zahanati au kituo cha afya cha karibu panatosha kuanzia. Beba daftari lako na paketi zote za dawa unazomeza, pamoja na ulizonunua dukani bila cheti. Dawa za mafua zenye kubana pua, Piriton, na baadhi ya vidonge vya usingizi na vya mishipa hufunga mkojo kwa mtu mwenye tezi. Mweleze tabibu kama uliwahi kuugua kisonono ujanani, hata kama ni miaka 40 iliyopita, au kama uliwahi kuwekewa mpira wa mkojo. Makovu ya ndani ya mrija huleta dalili zile zile za tezi, na dawa za tezi hazigusi kovu. Ikiwa umeandamana na mama watoto na jambo hili halisemeki mbele yake, omba akusubiri nje. Na kama anayekupima ni binti wa umri wa mjukuu wako, ni haki yako kuomba mwanamume, lakini akiwa hayupo, usigeuke ukarudi nyumbani. Kwa binti huyo wewe ni mgonjwa wa nane asubuhi hiyo.

Watapima mkojo kwa kijiti: damu, sukari, dalili za maambukizi. Kuna mkojo wa kuotesha maabara unaoonyesha kama kweli kuna wadudu na dawa gani inawaua, na ukipata nafasi ya kipimo hicho kabla ya kumeza sipro nyingine, kichukue. Watapima sukari ya damu. Watapima pia kriatinini kwa ajili ya figo, hasa ikiwa mkojo unabaki mwingi.

Kisha kipimo cha kidole, ambacho kimewafukuza wanaume wengi kuliko maumivu yenyewe. Hiki ndicho kinachofanyika: unalala ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Daktari anavaa glavu, anapaka mafuta ya kulainisha, na kidole kimoja kinaingia kwenye njia ya haja kubwa, kwa sababu upande wa nyuma wa tezi umegusana na ukuta wa njia hiyo na hakuna mlango mwingine wa kuufikia kwa mkono. Dakika moja haiishi. Kunja ngumi, ubonyeze nyama iliyo kwenye shina la dole gumba, na hivyo ndivyo inavyohisiwa tezi iliyokua kwa umri, laini na yenye kunepa. Bonyeza kifundo cha kidole, na ugumu wa namna hiyo kwenye tezi, au uvimbe upande mmoja, humfanya daktari afikirie saratani. Ukisikia maumivu makali, sema, maana huenda tezi ina maambukizi na hilo nalo ni jibu.

Sasa altrasaundi, na hapa naomba usikilize. Kipimo kamili cha tezi kina picha mbili. Unaingia kibofu kimejaa, wanapiga picha ya figo, kibofu na tezi. Unatoka, unakojoa kama kawaida yako, unarudi, wanapima kilichobaki. Picha ya pili huchukua dakika chache na ndiyo inayorukwa siku foleni ikiwa ndefu. Mgonjwa anaondoka na karatasi yenye ukubwa wa tezi tu, anaionyesha kijiji kizima, na namba inayoamua hatima ya figo zake haikuandikwa. Omba kwa adabu: "Daktari, naomba nipimwe na mkojo uliobaki." Uliobaki chini ya mililita 50 ni mzuri. Ukipita 200 au 300, daktari atakufuatilia kwa karibu. Usinywe lita tatu za maji ukidhani unasaidia. Kibofu kilichotanuka kupita kiasi kwa kusubiri kwenye benchi hushindwa kumaliza, na namba inatoka kubwa kwa uongo. Namba ikitisha, irudiwe siku nyingine kabla ya uamuzi mkubwa.

Ukubwa wa tezi nao una kazi yake, ila ni baadaye. Daktari wa upasuaji anautumia kuchagua njia, maana tezi ndogo na ya kati hukwanguliwa kwa kifaa cha kamera kinachopita kwenye mrija, na iliyopita mililita 80 mara nyingi hutolewa kwa kufungua tumbo la chini.

Kipimo cha damu cha PSA ni cha kutafuta saratani, na hakisemi lolote kuhusu mkojo kuziba. Wengi hutumia 4 kuwa mpaka, lakini tezi iliyokua tu, maambukizi na mpira wa mkojo vyote hupandisha namba hiyo. Ukitoka kuugua U.T.I. au kuzibuliwa kwa mpira, subiri kama wiki 6. Siku mbili kabla ya kutolewa damu, pumzika tendo la ndoa na safari ndefu za baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Finasteraidi, dawa ya kusinyaza tezi, hushusha PSA mpaka nusu, kwa hiyo mwambie daktari kama unaimeza, la sivyo namba itamfariji bure. Na kama baba yako au kaka yako aliugua saratani ya tezi dume, litaje hilo mapema, hata kabla ya habari ya mkojo. Saratani mara nyingi huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija, na mtu anaweza kukojoa vizuri kabisa huku inakua.

Kwa altrasaundi na damu, watu wa Nyabiyonza wana hospitali ya wilaya, na Nyakahanga ya KKKT. Upande wa Kyerwa kuna Isingiro. Rufaa huenda Bukoba, na zaidi ya hapo Bugando, Mwanza. Kabla ya kulipa nauli, piga simu uulize daktari bingwa wa mfumo wa mkojo au wa upasuaji yupo siku zipi. Tangu 2024 serikali imekuwa ikipeleka madaktari bingwa, wa upasuaji wakiwemo, kwenye hospitali za wilaya kwa siku chache chache. Sikiliza matangazo, na siku hiyo uwahi na karatasi zako zote. Aliyetimiza miaka 60 na hana uwezo anastahili matibabu bila malipo kwa sera za nchi hii, lakini anatakiwa awe ametambuliwa kwanza, na utambuzi huanzia kijijini. Lifuatilie hilo ukiwa mzima.

Dawa zipo na zinasaidia. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu ndani ya siku chache. Imeze baada ya chakula na uinuke kitandani polepole, kwa sababu hushusha presha na kuleta kizunguzungu. Finasteraidi husinyaza tezi kubwa, lakini inataka miezi 6 kabla hujaona kitu, na wanaoiacha mwezi wa pili wametupa fedha. Kuhusu dawa za magome ya miti, gome la Prunus africana, mti wa milima ya Afrika, limeuzwa Ulaya kama dawa ya tezi tangu miaka ya 1960, na biashara yake imewekewa udhibiti wa kimataifa tangu 1995 kwa jinsi miti ilivyochunwa mpaka ikakauka. Tafiti fupi zimeonyesha nafuu ya kiasi kwenye dalili. Ukinywa, sema, na upimwe mkojo uliobaki vile vile. Kujisikia nafuu hakuthibitishi kwamba kibofu kinamaliza.

Liko jambo la usiku. Mkojo ukigoma kabisa, tumbo la chini likawa gumu na maumivu hayavumiliki, usianze safari ya Bukoba na wala usinywe maji ya kusukuma. Kituo cha afya chochote chenye nesi au tabibu anayeweza kuweka mpira wa mkojo kinatosha, na maumivu hukatika mkojo ukianza kutoka. Kijue kituo hicho leo, na uwe na namba ya boda anayekubali kupanda vilima saa nane za usiku wakati wa mvua. Homa yenye kutetemeka pamoja na mkojo mgumu, damu yenye mabonge, au miguu kuishiwa nguvu ghafla pamoja na maumivu ya mgongo, navyo havisubiri asubuhi. Mpira ukishaingia, mwombe aliyeuweka aandike kwenye karatasi yako kiasi kilichotoka na saa. Daktari wa kesho ataangalia namba hiyo kabla hajaamua kama autoe mpira baada ya siku chache za dawa, au aanze na figo.